Dunk, Jordan 1, Suede, Forum au 550: raba ipi ya rangi uivae kila siku?

Raba za mpira wa kikapu za zamani zimerudi mtaani zikiwa na shingo fupi na rangi kali. Anayetafuta jozi moja hujikuta akitazama viatu vinavyofanana sana kwenye picha: soli bapa, ngozi ya vipande, matundu ya hewa puani, na rangi mbili tatu zinazopishana ubavuni. Dukani navyo vinafanana. Subiri vivaliwe miezi miwili kwenye vumbi na daladala ndipo utaona kila kimoja kina tabia yake. Kimoja kimechubuka na chini ya rangi nyekundu panachungulia weupe. Kingine hakina hata mchubuko, lakini buluu yake imefubaa kama kanga iliyoanikwa juani msimu mzima. Cha tatu kinaonekana kama cha jana, kwa sababu rangi yake iliwekwa mahali ambapo miguu ya watu haifiki.

Ndiyo maana ninapolinganisha raba hizi huangalia kwanza rangi imekaa sehemu gani ya kiatu, na imebebwa na ngozi ya aina gani. Jina na historia vina raha yake, na nitavitaja, ila havizuii tope.

Nimechukua vitano: Nike Dunk Low, Air Jordan 1 Low, Puma Suede, adidas Forum Low na New Balance 550. Vyote vilizaliwa uwanjani, na hakuna hata kimoja ambacho ningekushauri uchezee mechi leo. Soli zake ni bapa na ngumu kulinganisha na viatu vya kikapu vya sasa, na shingo fupi haikushiki kifundo. Tunazungumzia kazini, chuoni, sokoni na mtoko wa jioni.

Dunk Low na Jordan 1 Low

Hivi viwili ndivyo vinavyowachanganya watu zaidi, na haishangazi. Vyote vilitoka mwaka 1985, vyote vilichorwa na Peter Moore wa Nike, na soli zake zinakaribiana hadi lile duara la chini, karibu na dole gumba, ambalo mchezaji alilitumia kugeukia. Wauzaji wengine huviita vyote Jordan, na mteja naye anaondoka na Dunk akidhani kanunua Jordan.

Tofauti inaanzia kwa waliokusudiwa. Jordan 1 ilitengenezwa kwa mtu mmoja, Michael Jordan, ikavaa rangi za timu yake ya Chicago Bulls: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Dukani iliuzwa dola 65. Dunk ilitengenezwa kwa timu za vyuo vikuu vya Marekani, na kila chuo kilipewa rangi zake: Kentucky buluu na nyeupe, Syracuse chungwa na nyeupe, St. John's nyekundu na nyeupe, Michigan njano na buluu iliyokolea, Iowa njano na nyeusi, UNLV nyekundu na kijivu. Mpira huo wa vyuo ndio aliopitia Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipokuwa Connecticut, kabla Memphis Grizzlies hawajamchukua wa pili katika uteuzi wa NBA wa mwaka 2009.

Asili hiyo inaonekana kwenye viatu mpaka leo. Dunk kwa kawaida ina rangi mbili zinazogawana kiatu karibu sawa kwa sawa: moja kwenye vipande vya chini (pua, ubavu, ulimi), nyingine kwenye vipande vya juu vinavyozunguka vidole, kushika matundu ya kamba na kufunika kisigino, pamoja na ile tiki. Vipande ni vikubwa na mipaka yake iko wazi, kwa hiyo rangi inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Jordan 1 Low mara nyingi ina rangi tatu, na nyeusi ikiwemo katikati inapunguza ukali wa zile nyingine. Jozi nyekundu ya Dunk inasema nyekundu. Jozi nyekundu ya Jordan inasema Chicago.

Kwa anayetafuta rangi hasa, kura yangu inaenda kwa Dunk. Lakini chagua kwa akili. Jozi inayouzwa kila kona ni ile nyeusi na nyeupe iliyoanza kusambaa mwaka 2021, ambayo kila mtu anaiita Panda. Kama unataka kuonekana tofauti, hiyo ndiyo ya kwanza kuikwepa, maana katika foleni moja ya mwendokasi utawakuta wenzako kadhaa wameivaa. Baada ya hapo zikwepe pia zile zenye pua nyeupe, kama Kentucky na Syracuse, ikiwa unatembea kwa miguu sana. Sehemu ya juu ya vidole ndiyo inayokunjika kila hatua, na mkunjo kwenye ngozi nyeupe hujaa uchafu mpaka ukawa mstari wa kudumu ambao mswaki hautoi. Rangi za Michigan na Iowa hazina nyeupe kabisa kwenye ngozi. Pua yake ni ya njano, na njano inaficha vumbi jekundu la Singida au Kiambu kwa namna ambayo nyeupe haiwezi. Ukiiona njano ukadhani ni rangi ya kuchosha, jaribu kuivaa na jinzi ya buluu iliyokolea kabla hujahukumu.

Kuna jambo la ngozi ambalo wauzaji hawalitaji. Dunk Low ya kawaida na Jordan 1 Low ya kawaida hutumia ngozi ambayo rangi yake imepakwa juu. Inang'aa, inafutika kwa kitambaa chenye maji, na mvua ya ghafla haiiharibu. Ila ukikwaruza kwenye ngazi ya basi au kwenye kikanyagio cha pikipiki, koti la rangi linabanduka na ngozi ya chini inajitokeza. Ndiyo maana mwenye bodaboda, anayebadilisha gia kwa mguu wa kushoto siku nzima, atamaliza Dunk ya rangi upande mmoja na kubaki na mguu wa kulia mpya. Kwa Jordan 1 Low kuna toleo linaloandikwa OG, ambalo kwenye ulimi lina maneno Nike Air badala ya ile nembo ya Jordan ya mtu anayeruka, na umbo lake linakaribia zaidi lile la mwaka 1985. Ngozi yake kwa kawaida ni nzuri zaidi, na bei yake inakujulisha hivyo mapema.

Kuhusu starehe, Jordan 1 Low ina kifuko kidogo cha hewa kwenye kisigino, Dunk ya kawaida haina. Watu hubishana sana juu ya hili, mimi naona tofauti ni ndogo: zote mbili ni ngumu wiki ya kwanza, na anayesimama dukani kutwa atazilalamikia zote. Ukitaka Dunk laini tafuta iliyoandikwa SB. Hiyo ni ya watelezaji wa ubao wa magurudumu, ilianza mwaka 2002, ina ulimi mnene uliojazwa sponji na soli ya ndani yenye mto wa hewa. Ulimi huo mnene unabadilisha sura ya kiatu, kinaonekana kimevimba kidogo, na kwa suruali nyembamba huwa kikubwa kupita mguu. Kwa suruali pana za siku hizi kinakaa vizuri sana.

Na ile hadithi kwamba NBA iliipiga marufuku Jordan 1? Ligi iliandika barua kweli mwaka 1985 kulalamikia viatu vyekundu na vyeusi vya Jordan, na Nike ikalifanya tangazo. Wengi wanaofuatilia historia ya viatu wanaamini kilicholalamikiwa kilikuwa kiatu kingine cha Nike, Air Ship. Muuzaji akikupandishia bei kwa hadithi hiyo, mpe pole.

Puma Suede: rangi nzuri kuliko zote, na yenye masharti

Nikiulizwa ni kiatu gani kati ya hivi kina rangi yenye kina, sitafuti jibu. Suede ilitoka mwaka 1968, na mwaka huohuo Tommie Smith alipanda jukwaa la medali la Olimpiki ya Mexico City akiwa na soksi nyeusi miguuni, akakiweka kiatu chake kimoja cha Puma kando yake huku ameinua ngumi. Mwaka 1973 Walt Frazier wa New York Knicks, ambaye watu walimwita Clyde, akatengenezewa toleo lake lenye jina hilo kwa maandishi ya dhahabu ubavuni. Frazier alikuwa mtu wa kupendeza, suti na kofia, na viatu vyake alitaka viendane na rangi mbalimbali. Miaka ya 80 vijana wa New York waliokuwa wakicheza dansi ya kuzunguka sakafuni walizipenda Suede, wakazitia kamba pana.

Siri ya rangi yake ni ile ngozi ya manyoya, swedi. Rangi inazama ndani ya nyuzi za ngozi badala ya kupakwa juu yake. Kwa hiyo nyekundu inakuwa nyekundu ya kushikika, kijani kinakuwa kijani cha majani baada ya mvua, na mkwaruzo mdogo hauonyeshi weupe chini. Unaupiga brashi, manyoya yanasimama, mkwaruzo umepotea. Mkunjo wa vidole nao hauonekani sana kwa sababu swedi hainyooki kama kioo tangu mwanzo. Kwa mchubuko Suede inaishinda Dunk, na inaishinda waziwazi.

Adui zake ni maji na jua. Swedi ikilowa inakauka ikiwa ngumu, manyoya yamelala, na ikiwa ni rangi nzito inaweza kuchuja kwenye soksi. Soksi nyeupe na Suede ya buluu mvuani ni ndoa isiyodumu. Jua nalo linaila rangi polepole, hasa ukiwa na mazoea ya kuanika viatu kwenye kibaraza au juu ya bati. Anayeishi Tanga au Mombasa na kutembea kwa miguu wakati wa masika asijidanganye. Anayetoka nyumbani kwa gari na kuingia ofisini, au anayeishi sehemu kavu kama Dodoma, ataifurahia miaka.

Soli yake ni nyembamba na kiatu ni chembamba kwa ujumla. Ni hiki pekee kati ya vitano ambacho kinaweza kukaa chini ya suruali ya kitambaa ya ofisini bila kuonekana kimepotea njia. Suede ya kijani iliyokolea au ya rangi ya zambarau iliyoiva, suruali ya kijivu na shati la mikono mirefu: Ijumaa imekamilika. Kwa bei pia huwa ya chini kuliko wenzake wanne kwenye maduka rasmi. Mguu mpana sana utaisikia inabana pembeni, ingawa swedi hulegea kadiri inavyovaliwa.

Usiioshe kwa Omo na maji ya ndoo. Brashi kavu, kifutio cha penseli kwa doa, na kama imelowa jaza magazeti ndani ukaiache kivulini.

Forum Low: mkanda ndio unaoamua

Forum ilitoka mwaka 1984, kazi ya Mfaransa Jacques Chassaing wa adidas, na ilisifika kwa kuuzwa dola 100 wakati viatu vya kikapu vilikuwa bado havijafika huko. Ukikumbuka kwamba mwaka uliofuata Jordan 1 iliuzwa 65, utaelewa ilikuwa jeuri ya kiasi gani. Ilikuwa na mistari ya ngozi iliyopishana kama herufi X kwenye kifundo, na mkanda wa kubandika juu yake. Toleo la shingo fupi limebaki na mkanda huo.

Mkanda huo hukupa kiatu chenye sura ambayo haifanani na Nike yoyote, na hukupa sehemu moja zaidi ya kuweka rangi. Forum nyingi zina mwili mweupe, halafu mistari mitatu, kisigino na mkanda vina rangi: buluu, nyekundu, kijani. Rangi iko juu na nyuma, mbali na mikunjo ya vidole. Kwa kudumu kwa rangi, mpangilio huo ni mzuri. Kwa usafi ni mateso, maana mwili mweupe wenye mishono mingi unataka mswaki kila wiki, na upande wa kunata wa mkanda hukusanya nyuzi za soksi, nywele na vumbi mpaka ukaacha kushika.

Kuna swali la mtindo ambalo lazima ujijibu wewe: unauacha mkanda ukining'inia au unaubana? Ukiubana, kiatu kinakaa kama cha mchezaji wa zamani na kinashika mguu vizuri. Ukiuacha wazi unapiga suruali kila hatua. Kama hupendi vyote viwili, kiatu hiki si chako, hata kama rangi yake imekupagawisha. Mwaka 2021 mwanamuziki wa Puerto Rico, Bad Bunny, alitoa Forum yake ya rangi ya kahawa, na tangu hapo kiatu kikarudi kwenye midomo ya vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamewahi kukiona.

Forum ni nene na ina nafasi ndani. Mwenye mguu mpana, yule ambaye kila raba inambana kidole cha mwisho, aanze hapa kabla ya kwenda kwa Dunk. Ukiona imeandikwa 84, hiyo inafuata zaidi ile ya asili na ngozi yake ni laini kuliko Forum Low ya kawaida.

Kichekesho kidogo kwa wanaobishana adidas au Puma: kampuni zote mbili zinatoka mji mmoja mdogo wa Ujerumani, Herzogenaurach, na zilianzishwa na ndugu wawili wa tumbo moja, Adolf na Rudolf Dassler, baada ya kugombana.

New Balance 550: rangi kwa kijiko

550 ilitoka mwaka 1989 na ikasahaulika kabisa. Ilirudi mwaka 2020 kupitia duka la nguo la New York liitwalo Aimé Leon Dore, na katika muda mfupi ikawa kila mahali. Mwili wake kwa kawaida ni mweupe au krimu, na rangi inawekwa kidogo: herufi N ubavuni, kisigino, ukingo wa shingo, labda mstari kwenye soli. Kijani, buluu, nyekundu ya damu ya mzee.

Hiki ni kiatu cha mtu anayeogopa rangi lakini hataki kuonekana anaogopa. Nasema hivyo bila dharau, maana kwa wengi ndicho chaguo linalofaa. Rangi kidogo inakubaliana na nguo nyingi zaidi: dera, jinzi, kaptula ya kaki, hata kanzu nyeupe ya Idi, ambapo Dunk ya njano ingekuwa vurugu. Herufi ya rangi iko ubavuni, sehemu inayopata mikwaruzo michache. Kinachokuangusha ni ule weupe mwingi. Kama huna subira ya kufuta viatu jioni, 550 itakuumbua ndani ya wiki moja ya vumbi. Toleo la krimu linasamehe zaidi kuliko jeupe kabisa, na lina faida nyingine: soli ikianza kugeuka njano kwa uzee, kwenye krimu huoni.

Vipi Air Force 1, Superstar na All Star?

Havikuingia kwenye orodha kwa sababu watu huvinunua vikiwa na rangi moja, hasa nyeupe. Lakini Air Force 1 ina haki yake kwenye habari za rangi. Bruce Kilgore aliichora, ikatoka mwaka 1982 ikiwa raba ya kwanza ya kikapu ya Nike yenye hewa kwenye soli, kisha Nike ikataka kuiacha. Maduka matatu ya Baltimore ndiyo yaliyoishawishi iendelee kwa kuagiza rangi mpya kila mwezi, na watu wakasafiri kutoka miji mingine kuzifuata. Ukiipata yenye rangi, ni nzito na pana, na wengi hushuka nusu namba. Superstar ya mwaka 1969 ina kofia ya mpira kwenye vidole, hivyo inastahimili kukanyagwa kuliko yoyote hapa. All Star ya turubai ni nyepesi na ya bei nafuu, ina rangi zote za dunia, na soli yake haikukingi na kitu.

Kuchagua rangi yenyewe

Fungua kabati kabla ya kufungua simu. Hesabu rangi za suruali zako, siyo mashati, kwa sababu kiatu kinapakana na suruali. Kama nyingi ni buluu na nyeusi, karibu rangi yoyote itakaa, na ningekwenda moja kwa moja kwenye njano, chungwa au kijani. Kama nyingi ni kaki na kahawia, buluu na kijani kilichokolea vinafaa, nyekundu inagombana nazo. Anayevaa vitenge vyenye rangi nyingi ana uhuru wa ajabu: achukue rangi moja iliyomo ndani ya kitenge, hata iliyo ndogo kuliko zote, na kiatu kiwe cha rangi hiyo.

Angalia pia soli. Ngozi ya rangi juu ya soli nyeupe ndiyo sura ya kawaida, lakini ukingo mweupe wa soli ndio unaogusa tope kwanza. Soli ya rangi ya mpira wa kahawia inaonekana ya zamani zaidi na haikuaibishi ukishuka kwenye daladala mvua ikinyesha. Kamba zibadilishe bila woga. Jozi ambayo rangi zake zinakupigia kelele hutulia ukiitia kamba za krimu, na jozi ya 550 iliyopoa sana huamka kwa kamba za kijani.

Dukani, Karume na Gikomba

Sokoni kwetu viatu hivi viko vya aina tatu: orijino vipya, mtumba, na kopi. Kopi za Dunk na Jordan ni nyingi kuliko viatu vyenyewe, na nyingine zimeshonwa vizuri. Kwa Nike soma kibandiko cha ndani ya ulimi au ubavu. Kuna namba ya mtindo, mathalani DD1391-100 ya ile Panda. Tarakimu tatu za mwisho zinazungumzia rangi, na ile ya kwanza kati yake ni rangi kuu: 0 ni nyeusi au kijivu, 1 nyeupe, 2 kahawia, 3 kijani, 4 buluu, 5 zambarau, 6 nyekundu au waridi, 7 njano, 8 chungwa. Ukishika Dunk ya kijani tupu ambayo namba yake inaishia na 600, mrudishie mwenyewe. Namba hiyo pia ifanane na ya kwenye boksi, na iwe sawa kwenye mguu wa kulia na wa kushoto. Kopi nzuri hunakili namba sahihi, kwa hiyo namba sahihi peke yake haikuthibitishii kitu. Namba mbaya ndiyo inayokuokoa.

Mwenye mguu mdogo ana njia ya kupunguza gharama. Saizi za vijana za Nike hufika namba 40 na huuzwa chini ya zile za watu wazima. Ngozi yake mara nyingi ni ya daraja la chini kidogo, na kwa kiatu cha kuvaa kila siku hilo linavumilika.

Kwenye mtumba, iwe Karume, Gikomba au Kongowea, raba hizi zina faida ambayo viatu vya mbio havina. Soli ya Dunk, Jordan 1 na Forum imeshonwa kuzunguka kiatu, haikushikwa na gundi pekee. Gundi ikichoka kwa joto la Pwani, mshono bado upo, na ukikatika fundi viatu anaurudia kwa nailoni nusu saa. Kwa hiyo usiogope soli iliyoachia kidogo, iombee punguzo. Ogopa vitu vitatu: bitana ya kisigino iliyotoboka mpaka plastiki inachoma, soli iliyolika upande mmoja, kwa sababu umepewa mwendo wa mtu mwingine, na ngozi iliyopakwa rangi upya ili ionekane mpya. Hiyo ya mwisho utaijua ukikunja pua ya kiatu kwa nguvu mbele ya muuzaji. Rangi ya kiwandani inakunjika, ya kupaka juzi inapasuka. Na kama ni Suede, pitisha kitambaa cheupe chenye unyevu sehemu ya ndani ya kisigino. Rangi ikihamia kwenye kitambaa kwa wingi, itahamia kwenye soksi zako pia.